Reli ya Taru Ataijenga Nani? Nyongeza za Kulipia na Kazi za Wachezaji katika Gemu za Treni

Anayetaja Kwale hutaja kwanza Diani na mchanga wake, kisha Msambweni, Shimoni na barabara ya Lunga Lunga. Ni wachache wanaokumbuka kwamba kaunti hiyo hiyo, upande wa bara huko Kinango, ndiyo yenye Samburu, Taru na Mackinnon Road, na kwamba reli mbili zinapita huko. Ya kwanza ni ile ya upana wa mita moja, iliyoanza kutandazwa Mombasa mwaka 1896 na kufika Kisumu mwaka 1901, ikivuka nyika ya Taru ambako maji ya wajenzi yalilazimika kuletwa kwa treni. Ya pili ni SGR, yenye upana wa milimita 1,435, iliyozinduliwa tarehe 31 Mei 2017. Treni ya abiria ikishatoka Mariakani, kituo kinachofuata ni Miasenyi, ambacho tayari kiko Taita Taveta. Kwa hiyo mtu wa Taru huiona Madaraka Express, treni hiyo ya abiria, ikipita mara nyingi kuliko anavyoipanda. Leo, katika zama za gemu za kuiga uendeshaji wa treni, ambazo humkalisha mchezaji kwenye kiti cha dereva na kumtaka ajue breki, ishara, kikomo cha mwendo na ratiba, mtu huyo ana haki ya kuuliza: nani ataijenga reli hii ndani ya gemu, ili na mimi niiendeshe?

Swali hilo linatuingiza katika mjadala ambao wapenzi wa gemu hizi wamekuwa nao kwa zaidi ya miaka 20. Upande mmoja wako wanaotetea nyongeza za kulipia: kampuni huuza gemu ya msingi, kisha huuza njia moja moja, injini moja moja na mabehewa, na kila kipande kina bei yake. Upande wa pili wako wanaotetea kazi za wachezaji wenyewe: njia, injini, sauti na ratiba zinazotengenezwa na watu wasioajiriwa na kampuni na kugawiwa bure au kwa bei ndogo. Kwa kawaida mjadala huo huendeshwa kama suala la mfuko na ubora: kipi rahisi, kipi kizuri zaidi. Kwa anayeutazama kutoka Kwale, uzito wake uko kwingine. Nyongeza za kulipia hufuata soko, na kazi za wachezaji hufuata mapenzi. Mahali ambapo soko halipaoni, mapenzi ndiyo yatakayopajenga, na mapenzi hayo hayawezi kufanya kazi bila zana. Hoja ya makala hii ni kwamba jambo la kupiganiwa kwanza ni uwazi wa zana na leseni za gemu. Bei, iwe bure au ya kulipia, ni suala la pili linaloweza kutatuliwa kwa njia nyingi pale zana zinapokuwa wazi, na lisilotatulika kabisa zinapokuwa zimefungwa.

Tuanze na soko. Mwaka 2001 Microsoft ilitoa Microsoft Train Simulator, iliyotengenezwa na kampuni ya Uingereza iitwayo Kuju. Gemu hiyo ilikuja na njia sita: mbili za Marekani, moja ya Uingereza, moja ya Austria na mbili za Japani. Afrika haikuwamo. Miaka mingi baadaye, mfululizo wa Train Simulator na ule wa Train Sim World, yote miwili ya kampuni ya Dovetail Games ya Uingereza, imekusanya njia nyingi sana, lakini sehemu kubwa ya orodha ni ya Uingereza, Ujerumani na Marekani. Hakuna njama hapo. Kujenga njia moja ya kilomita mia kwa kiwango cha kuuzwa kunahitaji kikundi cha wachoraji, warekodi wa sauti na waandishi wa programu kwa miezi mingi, pamoja na kibali cha kutumia nembo za shirika la reli. Kampuni hujiuliza ni watu wangapi watainunua, na jibu hutegemea waliko wanunuzi wenye kompyuta kubwa, kadi ya benki na mazoea ya kulipia burudani ya aina hiyo. Wanunuzi hao wako kwa wingi Köln na Birmingham, si Kinango. Kwa hesabu ya biashara kampuni haijakosea. Ila hesabu hiyo, ikiachwa iwe ndiyo pekee inayoamua reli ipi iingie katika gemu, itaendelea kuzalisha dunia ambamo reli ni kitu cha Ulaya na Marekani Kaskazini.

Bei nayo inasema lake. Njia moja kamili ya kulipia huuzwa mara nyingi kati ya dola 20 na 40. Tuchukue dola 30: kwa kiwango cha karibu shilingi 130 kwa dola, hizo ni kama shilingi 3,900 za Kenya. Tangu Januari 2024, tiketi ya daraja la kawaida ya SGR kutoka Mombasa hadi Nairobi ni shilingi 1,500. Hivyo kwa bei ya njia moja ya Ujerumani kwenye skrini, mtu angeweza kwenda Nairobi na kurudi kwa treni ya kweli na kubakiwa na shilingi 900. Mnunuzi wa Uingereza halioni jambo hilo, kwa kuwa kwao tiketi ya treni ya masafa mara nyingi hushinda bei ya nyongeza. Ndiyo maana hoja kwamba nyongeza ni rahisi, inayotolewa na wengi kwa nia njema, haisafiri vizuri hadi Pwani. Na anayetaka kila kitu katika mfululizo wa Train Simulator atakuta jumla inafika maelfu ya dola, kiasi ambacho hakina maana yoyote katika bajeti ya nyumba ya kawaida ya Ukunda au Msambweni.

Sasa tuangalie yaliyotokea pale zana zilipoachwa wazi. Microsoft Train Simulator ilikuja na kihariri cha njia, na sehemu ya mafaili yake yalikuwa maandishi ya kawaida. Faili la injini, lenye mwisho wa .eng, liliweza kufunguliwa kwa programu yoyote ya kuandikia, na ndani yake mtu akasoma uzito wa injini, nguvu zake, breki zake na mwendo wake wa juu. Aliyetaka kujua kwa nini treni nzito haipandi mlima alibadilisha tarakimu moja, akahifadhi, akaendesha tena na kuona tofauti. Kwa mtindo huo watu wasiokuwa na ajira yoyote katika tasnia ya gemu walijifunza fizikia ya reli, uchoraji wa vitu vya pande tatu na upangaji wa ratiba, wakatengeneza njia na injini kwa maelfu. Toleo la pili lilipangwa mara mbili na kufutwa mara mbili. La mwisho lilikufa Januari 2009 Microsoft ilipoifunga studio iliyokuwa ikilitengeneza. Kwa mantiki ya soko, hadithi ingeishia hapo. Haikuishia, kwa kuwa kazi zile zilikuwa mikononi mwa wachezaji na muundo wa mafaili ulikuwa unasomeka. Wakajenga Open Rails, programu huria inayosoma mafaili yale yale, na toleo lake la 1.0 likatoka mwaka 2015. Njia iliyochorwa na mchezaji mwaka 2003 inaendeshwa leo kwenye kompyuta mpya, wakati kampuni iliyouza gemu ya msingi imeshaiacha biashara hiyo zamani.

Trainz inafundisha somo hilo kwa njia nyingine. Gemu hiyo ilitoka 2001 kwa kampuni ya Auran ya Brisbane, Australia, na tangu mwanzo ilijengwa juu ya dhana kwamba mchezaji ni mjenzi. Ilikuwa na ghala la mtandaoni la kupakua kazi za wengine, na kila kitu kilichowekwa humo kilipewa namba inayoonyesha aliyekitengeneza. Auran ilipoanguka mwishoni mwa 2007, gemu ilihamia N3V na ghala likaendelea. Humo humo Trainz huuza nyongeza za kulipia na huduma ya kupakua kwa kasi. Kwa hiyo si kweli kwamba uwazi na biashara ni maadui. Gemu moja inaweza kuuza na kugawa kwa pamoja, mradi mjenzi wa nje awe na zana zile zile na jina lake lilindwe.

Hata hivyo, ushahidi ulio karibu zaidi na Kwale hautoki kwenye reli. Unatoka barabarani, kwenye simu. Mwaka 2017 kampuni ya Maleo ya Indonesia ilitoa Bus Simulator Indonesia, gemu ya simu isiyolipiwa ambayo wapenzi wake huiita BUSSID. Ilimruhusu mchezaji kuweka rangi na michoro yake mwenyewe kwenye basi, na baadaye ikaruhusu magari mazima yaliyotengenezwa na wachezaji. Gemu ilikusudiwa Waindonesia, na ramani zake ni za Java na visiwa jirani. Lakini Indonesia huendesha kushoto kama Kenya na Tanzania, usukani uko kulia, barabara ina tuta, pikipiki na lori linalojikongoja mlimani. Vijana wa Afrika Mashariki waliiona wakaitwaa. Wakatengeneza modi, yaani nyongeza za wachezaji wenyewe, za mabasi ya Kenya kwa rangi za kampuni za Tahmeed na Mash, za matatu zenye michoro, za mabasi ya Kichina yanayokimbia njia za Tanzania. Hakuna kampuni ya gemu iliyofanya utafiti wa soko ikaona kwamba basi linalotoka Mombasa, likavuka Likoni, likapita Ukunda na Msambweni hadi mpaka wa Lunga Lunga, ni bidhaa yenye wateja. Walioona ni wale wanaolipanda. Mlinganisho huu na treni ni wa moja kwa moja: hamu ilikuwapo siku zote, na kilichokosekana kilikuwa ruhusa ya kujenga.

Inafaa kutazama kazi hiyo kwa karibu, maana wengi huidharau kwa kuwa ni mchezo. Anayetaka kulipaka rangi basi la BUSSID huanza na picha bapa ya PNG inayoonyesha ubavu wa kulia, ubavu wa kushoto, mbele na nyuma vikiwa vimekunjuliwa. Humo hupanga mstari wa rangi ili unapofika pembeni mwa basi uendelee upande wa pili bila kukatika, kisha huandika jina kwa herufi zisizogeuka kinyume. Kazi hiyo hufanyika kwenye simu, kwa programu za kawaida za kuhariri picha. Anayetaka kutengeneza basi lenyewe hupanda daraja: huchora umbo kwa Blender, programu isiyolipiwa, hupunguza idadi ya pembe tatu ili simu ya bei nafuu isikwame, huweka matairi mahali pake, taa, milango, kioo cha pembeni na sauti ya injini, kisha hutoa faili ambalo gemu inalitambua. Anayemaliza kazi hii mara kadhaa amejifunza sehemu kubwa ya ujuzi unaotakiwa katika usanifu wa majengo, katika filamu za katuni na katika matangazo. Amejifunza bila karo, kwa bando la intaneti na subira. Mteja wa nyongeza ya kulipia hupata basi zuri. Mtengenezaji wa modi hupata basi na ufundi, na ufundi huo hubaki naye hata gemu ikifungwa.

Basi reli ya Taru ingejengwaje? Inajengeka kuliko watu wanavyodhani. Umbo la ardhi linapatikana bure: chombo cha anga cha Marekani kiliipima dunia kwa rada Februari 2000, na vipimo vya mwinuko vya kila mita 30 vilianza kutolewa kwa umma mwaka 2014, Afrika ikiwa ya kwanza kupewa. Njia za reli zimechorwa katika OpenStreetMap, ramani inayojengwa na watu wa kujitolea. Injini za SGR ni za Kichina: DF11 kwa abiria na DF8B kwa mizigo, na zote mbili ni aina zinazojulikana vizuri miongoni mwa wapenzi wa treni wa Uchina, ambao nao wana utamaduni mkubwa wa kutengeneza mifano ya gemu. Kwa reli ya zamani ziko Garratt za daraja la 59, injini 34 za mvuke zilizojengwa Manchester na Beyer Peacock katika miaka ya 1955 na 1956, zikapewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Zilikuwa injini za mvuke zenye nguvu kuliko zote katika reli ya upana wa mita moja duniani, na mbili zimehifadhiwa katika Makumbusho ya Reli ya Nairobi. Kinachobaki ni kile ambacho hakuna setilaiti inayokitoa: wekundu wa udongo baada ya mvua ya vuli, miba ya nyika, paa la stesheni ya Samburu, mahali hasa ulipo msikiti wa Sayyid Baghali kando ya reli pale Mackinnon Road, na jinsi barabara kuu, reli ya zamani na ile mpya zinavyokaribiana na kuachana. Mjuzi wa hayo ni mwenyeji. Kampuni ingelazimika kumtuma mtu kwa gharama. Mwenyeji anayaona akienda dukani.

Pingamizi la kwanza dhidi ya hoja hii ni la ubora, na ni zito. Wanaotetea nyongeza za kulipia husema kwamba anayelipwa huwajibika: hurekodi sauti halisi, hupima breki, hurekebisha makosa baada ya mauzo. Kazi za wachezaji, wanasema, huachwa njiani, hutegemea vipande vya watu wengine vilivyopotea, na mtu hupakua njia akakuta nusu ya nyumba hazionekani. Ni kweli. Aliyewahi kupakua njia ya Trainz inayotaka vitu mia mbili kutoka kwa watu thelathini anayajua mateso hayo. Lakini pingamizi hili hulinganisha vitu viwili vilivyopo, wakati kwa Kwale ulinganisho ni kati ya kitu chenye kasoro na kutokuwapo kwa kitu chochote. Njia ya Taru yenye sauti ya injini isiyo sahihi inaweza kusahihishwa na mtu wa pili na wa tatu. Njia isiyokuwapo haisahihishwi. Zaidi ya hayo, ubora wenyewe hukua pale kazi inapoweza kufunguliwa na kuguswa. Biashara imelijua hilo: kampuni ya Armstrong Powerhouse ya Uingereza imejijengea jina kwa kuuza maboresho ya sauti na tabia za injini za Train Simulator, ikiwa ni pamoja na zile ambazo wachezaji walikuwa wameshazilipia kwingine. Kwa hiyo hata ubora wa kulipia umenufaika na uwazi wa zana.

Pingamizi la pili linagusa haki, na linastahili kusikilizwa kwa makini zaidi. Kusifu kazi ya bure, wanasema wapinzani, ni kusifu unyonyaji: kijana anakesha wiki sita akichora basi, mwingine analipakua kwa dakika mbili, kampuni ya gemu inavuna matangazo, na aliyekesha hana hata pesa za bando. Hapa wapinzani wana ukweli, na hakuna kitu katika hoja ya uwazi kinachosema mtengenezaji asilipwe. Tatizo ni njia ya kumlipa. Aprili 2015, kampuni za gemu za Valve na Bethesda zilijaribu kuuza modi za gemu ya Skyrim. Mtengenezaji alipewa asilimia 25 ya bei, na baada ya siku chache za malalamiko mpango ukafutwa. Funzo si kwamba modi haziwezi kuuzwa. Mpango ulianguka kwa sababu robo tatu ya pesa zilikwenda kwa wasioifanya kazi hiyo, na kwa sababu jamii iliyozoea kuazimana vipande iligeuzwa soko kwa usiku mmoja, bila kanuni ya nani anamdai nani. Katika BUSSID watengenezaji wamejibunia njia zao: modi nyingine hugawiwa kwa wote, nyingine hufungwa kwa nywila na kuuziwa mtu mmoja mmoja. Nchini Kenya, ambako M-Pesa imekuwapo tangu 2007, malipo ya shilingi 100 kutoka kwa mtu hadi kwa mtu si jambo gumu. Bei ndogo inayomfikia mtengenezaji moja kwa moja ina haki zaidi kuliko bei kubwa inayopita mikono minne.

Lakini kufunga kwa nywila hakuzuii wizi ambao watengenezaji wenyewe hufanyiana: kuvunja faili la mwenzako, kulifuta jina lake na kuliweka lako, au kunyofoa umbo la basi kutoka gemu nyingine na kudai ni kazi ya mikono yako. Hilo likiendelea, wazuri hukata tamaa na kuondoka. Dawa yake iko katika leseni iliyoandikwa: nani ametengeneza, nani anaweza kubadilisha, nani anaweza kuuza, na jina la nani lazima libaki. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 hailindi vitabu na nyimbo pekee. Michoro na programu za kompyuta nazo zimo, na mtengenezaji wa modi aliyechora kazi yake mwenyewe ana haki sawa na mchoraji wa ukutani. Anachokosa ni desturi ya kuitumia haki hiyo. Trainz, kwa kuipa kila kazi namba ya mwenyewe, imeonyesha kwamba desturi hiyo inaweza kujengwa ndani ya gemu yenyewe, bila mahakama.

Pingamizi la tatu ni la nembo. Mchezaji anayeweka jina la kampuni ya mabasi ya kweli kwenye modi, au nembo ya Shirika la Reli la Kenya kwenye injini, ametumia mali ya mwingine bila kibali, wakati kampuni ya nyongeza za kulipia hutafuta leseni. Ni sahihi kwamba kibali ni bora. Lakini wenye nembo nao wana la kujifunza. Mwaka 2004 kampuni ya reli ya Union Pacific ya Marekani iliwashtaki watengenezaji wa treni za kuchezea, Lionel na Athearn, kwa kutumia rangi na nembo zake. Baada ya mvutano na wapenzi wa treni, ambao ndio waliokuwa wakiipenda kampuni hiyo kuliko watu wote, ililegeza msimamo na mwaka 2006 ikakubali rangi zake zitumike bila ada. Mwenye basi au treni anayetaka kuheshimiwa anaweza kutoa ruhusa ya wazi kwa kazi zisizouzwa na kudai mazungumzo kwa zile zinazouzwa. Hiyo inalinda nembo bila kumfanya kijana anayeichora kwa mapenzi kuwa mhalifu.

Lipo jambo moja ambalo watetezi wa kazi za wachezaji hulipita haraka, na halipaswi kupitwa. Uwazi una madaraja. BUSSID imefungua sehemu ya modi, lakini gemu yenyewe ni mali ya kampuni moja. Ikiamua kesho kubadilisha muundo wa mafaili, mabasi yote ya Pwani yanaweza kukoma kuendeshwa katika toleo jipya. Train Sim World, kwa miaka kadhaa ya mwanzo, haikuwapa wachezaji zana rasmi, na zilipokuja zilihitaji kompyuta yenye nguvu nyingi na nafasi kubwa ya diski. Open Rails iko daraja jingine: programu yenyewe ni huria, na mtu yeyote anaweza kuichukua na kuiendeleza hata waanzilishi wakichoka. Anayetaka kuwekeza miaka miwili ya jioni zake kwenye reli ya Taru atazame kwanza anajenga juu ya ardhi ya nani. Uwazi wa hisani ni bora kuliko kufungwa, ila uwazi wenye leseni ndio unaodumu.

Kudumu huko kuna maana ya pekee kwa reli hii. Treni ya abiria ya reli ya zamani kati ya Mombasa na Nairobi ilikoma mwaka 2017, SGR ilipoanza. Stesheni ndogo za nyika zilizoishi kwa treni hiyo zilibaki na majengo na kupoteza shughuli. Mtu mzima wa Mackinnon Road anakumbuka ratiba yake. Mtoto aliyezaliwa mwaka huo hana cha kukumbuka. Gemu haiwezi kurudisha treni, lakini inaweza kuhifadhi vitu ambavyo picha haivihifadhi: kwamba kutoka stesheni moja hadi nyingine kulichukua muda gani, dereva alianza kushika breki wapi, mlima ulianzia wapi, na honi ilipigwa mbele ya makutano yapi. Huo ni ujuzi wa kazi, na watu walioubeba wanazeeka. Kampuni ya nyongeza haitawahoji, maana mahojiano hayo hayalipi. Mchezaji ambaye babu yake alikuwa mwashaji moto au mpiga bendera atawahoji.

Kutokana na hayo yote, yapo mambo ambayo yanaweza kudaiwa sasa. Kwa kampuni za gemu: toeni kihariri pamoja na gemu, wekeni wazi muundo wa mafaili, na mfanye malipo kwa wajenzi wa nje yawe ya sehemu kubwa, si ya makombo. Kwa Shirika la Reli la Kenya na makumbusho yake: chapisheni michoro ya zamani ya stesheni, injini na miinuko ya njia kwa leseni inayoruhusu kazi zisizo za biashara, kwa kuwa michoro hiyo ikikaa kabatini hainufaishi mtu. Kwa vyuo, kuanzia vile vya ufundi vya kaunti hadi Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, ambacho kina kampasi Kwale: kijana anayekuja tayari anajua Blender kwa sababu ya mabasi ameshavuka nusu ya somo, na afundishwe nusu iliyobaki badala ya kuambiwa aache michezo. Na kwa wachezaji wenyewe: andikeni majina yenu na leseni zenu kwenye kila faili, lipeni mnachoweza kwa anayewatengenezea, na msiibiane.

Nyongeza za kulipia zitaendelea kuwapo, na zinastahili kuwapo, kwa kuwa zipo kazi zinazohitaji kikundi cha watu wanaolipwa mshahara. Siku moja huenda kampuni ikaiuza njia ya Mombasa hadi Nairobi, na ikifanya hivyo vizuri tutainunua. Ila haitakuwa ya kwanza kugundua kwamba Samburu na Taru zipo. Itakuja baada ya watu wa huko kuwa wameshajenga, wameshaonyesha kwamba wachezaji wapo, na wameshaamua wenyewe kituo chao kina sura gani. Ili hilo liwezekane, zana ziwe wazi kwao leo, kabla ya swali la bei kuulizwa.